Juisi ya siku saba haitibu chunusi, mlo unaweza kusaidia kidogo

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme jambo moja kuhusu chunusi. Makala za afya na urembo, pamoja na matangazo yanayozizunguka, zimezoea kutia kapu moja vitu viwili visivyofanana. Kimoja ni ditoksi, yaani "kusafisha mwili" kwa juisi, chai, dawa za kuharisha au enema, yaani maji yanayoingizwa kwa bomba kupitia njia ya haja kubwa. Kingine ni kubadili mlo wa kila siku. Msomaji huondoka akidhani vyote ni matawi ya tiba moja ya asili. Sivyo. Ditoksi haina njia yoyote ya kuifikia chunusi. Mlo unayo njia, japo nyembamba, na huwafaa baadhi ya watu, kwa kiasi, baada ya miezi. Anayeambiwa ni kitu kimoja hupoteza pesa kwenye kisichofaa, kisha anakata tamaa mapema na kile ambacho pengine kingemsaidia.

Makosa mengi huanzia kwenye chunusi yenyewe. Kila kinyweleo cha usoni, kifuani na mgongoni kina tezi ndogo inayotoa mafuta ya ngozi, sebamu. Mtu anapobalehe, awe msichana au mvulana, homoni za androjeni huikuza tezi hiyo na mafuta huongezeka. Wakati huohuo seli zinazotanda ndani ya tundu la kinyweleo huacha kubanduka na kutoka mojamoja kama kawaida, zikashikamana na kuwa kizibo. Mafuta hujaa nyuma ya kizibo. Bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, anayeishi juu ya ngozi ya karibu kila mtu mzima, hupata mahali pazuri pa kuzaliana. Kinga ya mwili inapomjibu ndipo unapoona uvimbe, maumivu na usaha. Kizibo cha mwanzo hakionekani kwa macho, na kinaweza kuchukua wiki kadhaa, hata nane hivi, kabla ya kuwa chunusi unayoikuta kwenye kioo asubuhi. Chunusi ya leo ilianza kutengenezwa karibu miezi miwili iliyopita.

Hesabu hiyo peke yake inatosha kuiangusha ditoksi ya siku tatu au saba. Hata kama juisi ingekuwa na nguvu inayosemwa, isingeweza kufuta kilichokwisha kujijenga ndani ya tundu wiki kadhaa kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa.

Kile kichwa cheusi puani nacho kimezaa imani nyingi. Watu hukikamua, wakaona kijiti cha nta chenye ncha nyeusi, wakasema huo ndio uchafu wa mwili. Weusi ule ni melanini, rangi ileile ya ngozi yako, pamoja na mafuta yaliyobadilika rangi kwa kukutana na hewa. Ndiyo maana ncha tu ndiyo nyeusi, na chini yake kijiti ni cheupe au cha njano. Ungekuwa uchafu, sabuni ingeutoa.

Na hiyo sumu inayosafishwa, ni ipi? Tangazo haliitaji kamwe, kwa sababu sumu yenye jina inaweza kupimwa kwenye damu au mkojo kabla na baada, na hapo mchezo ungekwisha. Mwili una viungo vya kazi hiyo. Ini hubadilisha kemikali, dawa na pombe ziwe katika hali inayoweza kutolewa. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, karibu yote yakarudishwa kwenye damu na lita moja au mbili tu zikatoka kama mkojo. Viungo hivyo vikishindwa kazi, dalili zake ni macho ya njano, miguu kuvimba, kichefuchefu na usingizi mzito, na mgonjwa anahitaji hospitali wala si tangawizi. Jasho ni maji na chumvi kwa sehemu kubwa sana. Sebamu nayo ni mafuta ambayo tezi inayatengeneza yenyewe kwa kazi ya ngozi. Ngozi si mlango wa nyuma wa kutupia taka zilizolishinda ini.

Kinachowateka watu ni ushahidi wa kuonekana kwa macho, kwa hiyo tuueleze. Plasta za kubandika nyayoni usiku huamka nyeusi, na muuzaji anasema sumu imetoka. Nyingi zina siki ya mti ambayo hubadilika rangi ikipata unyevu. Zidondoshee maji ya moto kidogo bila kuzibandika popote, zitageuka vilevile. Beseni la umeme la kuloweka miguu hubadilisha maji kuwa ya kahawia kwa sababu vyuma vyake vinapata kutu umeme unapopita kwenye maji ya chumvi. Washa bila miguu uone. Zile "kamba" ndefu za kunata zinazotoka chooni baada ya unga wa kusafisha utumbo ni ule unga wenyewe: nyuzinyuzi za mbegu zinazovimba, zikachanganyika na udongo laini, zikapata umbo la utumbo. Hujawahi kuwa na kitu kile tumboni hadi ulipokimeza.

La kuvutia zaidi ni "kusafisha ini" kwa mafuta ya zeituni na maji ya limau, ambapo mtu hutoa vijiwe laini vya kijani na kuamini ni mawe ya nyongo. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha barua ya madaktari waliovipima vijiwe vya namna hiyo. Havikuwa na kolesteroli, rangi ya nyongo wala kalisi, na vilianza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 40. Sehemu yake kubwa ilikuwa asidi za mafuta. Kwa maneno mengine, mgonjwa alitengeneza sabuni ndani ya tumbo lake kutokana na mafuta aliyokunywa.

Turudi kwenye juisi, maana ndiyo inayopendwa kuliko zote. Juisi ya matunda, hata iliyokamuliwa nyumbani bila kuongezwa sukari, ina takriban gramu 9 za sukari kwa kila mililita 100. Anayekunywa lita mbili kwa siku amepata karibu gramu 180. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za namna hiyo, zikiwemo za juisi, zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50. Nyuzinyuzi zilizokuwa zinachelewesha sukari hiyo zimebaki kwenye makapi. Kichekesho kichungu ni kwamba ukichukua ushahidi tulionao kuhusu chakula na chunusi, mlo wa juisi tupu uko upande mbaya wa ushahidi huo. Tutaeleza kwa nini.

Mbona basi wapo wanaoapa kwamba imewasaidia? Wengi wanasema wanachokiona, ila sababu ni nyingine. Chunusi hupanda na kushuka zenyewe, na kwa wanawake wengi huchachamaa siku chache kabla ya hedhi kisha zikatulia. Mtu huanza tiba siku zilipochachamaa, kwa hiyo wiki inayofuata ingekuwa nafuu hata asingefanya kitu. Kisha, wakati wa ditoksi huwa ameacha soda, pombe, vitafunwa vitamu, labda na vipodozi vizito, na amelala mapema. Tukubali pia jambo moja ambalo wapinzani wa ditoksi hulikwepa: kufunga kula kabisa kwa muda mrefu kumewahi kupimwa na kuonekana kupunguza utengenezaji wa sebamu. Lakini hiyo ni njaa, na mtu hawezi kuishi nayo.

Madhara yanategemea njia iliyotumika. Majani ya sena na dawa nyingine za kuharisha, zikitumiwa siku nyingi, huondoa maji na potasiamu. Potasiamu ikishuka misuli hulegea na moyo unaweza kwenda mrama. Kunywa maji kupita kiasi kwa saa chache hushusha sodiamu na kuleta kichwa kuuma, kuchanganyikiwa, hata degedege. Enema za kahawa zimewahi kuunguza utumbo na kusababisha maambukizi. Juisi za kijani zenye spinachi nyingi kila siku zina oksalati, ambayo imewahi kuharibu figo, hasa za watu waliokuwa na udhaifu tangu mwanzo. Vidonge vya dondoo kali ya chai ya kijani vimewahi kuumiza ini. Poda nyingi za mwani zina iodini nyingi, na iodini ikizidi inajulikana kuleta vipele vinavyofanana na chunusi.

Mkaa wa dawa unastahili kutajwa peke yake. Unanasa dawa tumboni, na hauchagui. Anayeunywa pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango, vya kifafa au vya moyo anaweza kuwa amemeza dawa isiyofika kwenye damu. Kuhara sana kwa zaidi ya siku moja, au kutapika ndani ya saa tatu baada ya kumeza kidonge cha uzazi wa mpango, pia kunaweza kukifanya kisifanye kazi. Wako wanaoanza ditoksi kwa ajili ya uso wakamaliza na ujauzito wasioutarajia.

Halafu kuna ile kauli ya muuzaji pale uso unapochafuka zaidi: "Vumilia, sumu zinatoka." Hiyo ni kauli isiyoweza kushindwa. Ukipona, dawa imefanya kazi. Ukizidi, dawa inafanya kazi. Ni kweli kwamba dawa za kundi la retinoidi zinaweza kuchokoza ngozi na kuleta chunusi zaidi wiki za mwanzo, lakini hizo zinagusa kizibo chenyewe na muda wake unajulikana. Chai ya kuharisha haina la kuchokoza mle.

Sasa mlo. Njia inayoaminika zaidi hupitia insulini. Ukila chakula kinachopandisha sukari ya damu haraka, kongosho hutoa insulini nyingi. Insulini nyingi huinua kazi ya homoni nyingine ya ukuaji iitwayo IGF-1, na zote mbili huisukuma tezi itoe mafuta zaidi, huchochea androjeni, na huzifanya seli za ndani ya tundu ziongezeke kwa kasi. Yaani zinagusa mafuta na kizibo, sehemu mbili za mwanzo za mnyororo tulioueleza.

Ushahidi wake si mkubwa, ila upo. Utafiti unaotajwa zaidi ulifanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2007. Vijana wa kiume 43 wa miaka 15 hadi 25 waligawanywa makundi mawili kwa wiki 12. Waliokula vyakula visivyopandisha sukari haraka walipungukiwa chunusi 23.5 kwa wastani. Waliokula kawaida walipungukiwa 12. Zisomeni namba zote mbili. Mlo ulishinda, lakini hata ambao hawakubadili kitu walipungukiwa chunusi 12, na ditoksi ingewapata hao ingejisifu. Waliobadili mlo pia walipungua uzito, kwa hiyo ni vigumu kujua ni chakula chenyewe au ni kukonda. Utafiti mwingine wa Korea Kusini, wa watu 32 kwa wiki 10, uliochapishwa mwaka 2012, uliona nafuu kama hiyo, na vipande vya ngozi vilivyochunguzwa kwa hadubini vilionyesha tezi za mafuta zimepungua ukubwa. Mwaka 2002 watafiti waliripoti kwamba hawakukuta chunusi kwa wakazi wa kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, wala kwa watu wa kabila la Aché wa Paraguay, jamii zilizokuwa zikila karibu bila vyakula vya viwandani. Hilo la mwisho huandikwa sana, lakini jamii hizo zinatofautiana na za mijini kwa mambo mengi, urithi ukiwemo, na sisi hatulipi uzito mkubwa.

Maziwa yana kesi yake. Hayapandishi sukari sana, lakini protini zake huamsha insulini kuliko unavyotegemea. Mwaka 2005 utafiti wa wauguzi zaidi ya 47,000 wa Marekani, walioulizwa walikula nini walipokuwa sekondari, ulihusisha maziwa na chunusi kali, na uhusiano ulikuwa wa nguvu zaidi kwa maziwa yaliyoondolewa mafuta. Tafiti za baadaye zimeelekea hukohuko. Ila ni uhusiano tu, na kumkumbusha mtu mzima alichokunywa akiwa kidato cha pili si kipimo cha kutegemea. Mtindi na jibini havijaonyesha uhusiano wa wazi. Poda za whey, ile protini ya maziwa wanayokunywa wanaonyanyua vyuma, ndizo tungezitilia shaka mapema zaidi kwa kijana ambaye chunusi zake zilianza au kuongezeka alipoanza kuzitumia.

Chokoleti? Utafiti maarufu wa mwaka 1969 uliisafisha jina, lakini ulikuwa na kasoro: kipande cha kulinganishia kilikuwa na sukari na mafuta kama ya chokoleti yenyewe. Majaribio ya baadaye ni ya watu wachache mno. Vyakula vya kukaanga vikiliwa havipandi hadi usoni, ingawa mvuke wa mafuta kwa anayekaa jikoni kutwa unaweza kuziba matundu. Maji kunywa kwa kiu. Ya ziada hayaoshi ngozi kutoka ndani.

Ndiyo sababu mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, wa mwaka 2021 na ule wa chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani wa mwaka 2024 haikupendekeza mlo wowote maalumu kama tiba. Ushahidi bado ni mwembamba. Hiyo haimaanishi mtu asijaribu. Maana yake ajaribu kwa utaratibu, huku dawa zikiendelea.

Utaratibu wenyewe ni huu. Jipe wiki 12, si chini. Kabla ya kuanza, piga picha tatu za uso, mbele na pande mbili, mahali pamoja, saa ileile, mwanga uleule, bila vipodozi. Rudia kila baada ya wiki mbili. Hesabu chunusi za shavu moja tu uandike, zenye usaha au uvimbe peke yake na vichwa vyeusi na vyeupe peke yake. Usiongeze krimu mpya wala kubadili sabuni katika kipindi hicho, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Anza na vinywaji, kwa sababu hapo ndipo mabadiliko makubwa hupatikana kwa jitihada ndogo. Soda ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari. Acha soda, juisi na vinywaji vya kuongeza nguvu, na punguza sukari kwenye chai. Tunda lile ulilokuwa unalikamua, litafune.

Baada ya hapo geukia wanga. Wataalamu wa lishe wana fahirisi ya glaisemia, inayopima chakula kinapandisha sukari kwa kasi gani kikilinganishwa na glukosi iliyopewa 100. Hadi 55 ni ya chini, 70 na zaidi ni ya juu. Lakini fahirisi peke yake inapotosha, kwa sababu haijali umekula kiasi gani. Chukua fahirisi, zidisha kwa gramu za wanga ulizokula, gawanya kwa 100, unapata mzigo wa glaisemia. Mzigo wa 10 au chini ni mdogo, 20 na zaidi ni mkubwa. Wali mweupe gramu 150 uliopikwa, wenye wanga wa gramu 40 hivi na fahirisi ya 70, una mzigo wa 28. Maharage ya uzito uleule, wanga gramu 25 na fahirisi ya 30, yana mzigo wa 7 au 8. Tikitimaji, ambalo watu huliogopa kwa fahirisi yake ya 75 hivi, lina maji mengi kiasi kwamba kipande cha gramu 120 hakifiki hata 10.

Huhitaji kubeba kikokotoo mezani. Punguza wali au mkate mweupe kwa nusu, ile nusu ijaze kwa maharage, dengu au mboga. Tanguliza mboga na kitoweo, wanga uwe wa mwisho. Sukari hupanda polepole zaidi kuliko ukianza na wanga. Chagua nafaka isiyokobolewa. Kosa tunalotarajia ni mtu kuondoa wanga wote, akashinda na njaa, kisha siku ya nne akala mkate mzima usiku.

Maziwa yaache kwa awamu ya pili, baada ya wiki 12 za kwanza, na ikiwa tu unayatumia kwa wingi. Anayetumia whey aiache kwanza, abaki na mayai, samaki na jamii ya kunde. Kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji takriban miligramu 1,300 za kalisi kwa siku, na glasi moja ya maziwa ya mililita 250 huleta karibu 300. Usiziondoe glasi hizo bila kuweka mtindi, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa au maziwa ya soya yaliyoongezwa kalisi. Awamu ikiisha bila tofauti kwenye hesabu ya shavu, rudisha maziwa. Watu husahau hatua hii wakabaki wamejinyima kwa miaka.

Kuna watu hawapaswi kabisa kuanza na mlo: aliye na uzito mdogo, mjamzito, anayetumia insulini au vidonge vya kisukari bila kuongea na daktari wake, na yeyote aliyewahi kuwa na shida ya kujinyima chakula au kujitapisha. Msichana ambaye hedhi imekoma baada ya kubana mlo ameshapita mpaka.

Kuhusu virutubisho, tutakuwa wafupi. Zinki ina ushahidi kiasi, lakini iliposhindanishwa na antibayotiki ya minosaiklini ilishindwa. Kipimo kilichotumika ni miligramu 30 za zinki halisi kwa siku, na hapo ndipo watu hukosea: kidonge cha zinki salfeti cha miligramu 220 kina zinki halisi 50 hivi, tayari zaidi ya kiwango cha juu cha 40 kinachoshauriwa kwa mtu mzima bila usimamizi wa daktari. Zinki nyingi kwa muda mrefu hushusha madini ya shaba mwilini. Vitamini A kwa dozi kubwa ni hatari, na kwa mjamzito inaweza kumletea mtoto kasoro za kuzaliwa. Vitamini B12 kwa dozi kubwa, hasa ya sindano, huweza yenyewe kuleta chunusi.

Chakula kikishafanya sehemu yake, dawa ya kupaka ndiyo inayobeba mzigo. Asubuhi, benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, ya 10 haina nguvu ya maana zaidi, inachoma tu zaidi, na zote hupausha taulo na kola za nguo. Usiku, adapalini, dawa ya kundi la retinoidi, ya asilimia 0.1, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Ipake eneo lote linalotoka chunusi, usiidondoe juu ya chunusi mojamoja, kwa sababu kazi yake ni kuzuia vizibo ambavyo bado huvioni. Osha uso kwa sabuni laini, kausha, subiri dakika 20, ndipo upake. Wiki mbili za kwanza paka usiku mmoja ruka mmoja, na losheni ya kulainisha juu yake. Ukikuta ngozi inawaka na kubanduka, umepaka nyingi mno au umeipaka ikiwa na maji. Mchana tumia kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi. Matokeo yapime baada ya wiki 8 hadi 12. Mjamzito asitumie retinoidi. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20 humfaa, na inasaidia pia madoa meusi yanayobaki kwenye ngozi nyeusi baada ya chunusi kupona. Madoa hayo si makovu na hufifia kwa miezi. Limau, dawa ya meno na kusugua kwa nguvu huyaongeza.

Kabla ya kulaumu chakula, chunguza pia kabati lako. Krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi huleta vipele vidogo vinavyofanana vyote, na ukiziacha ghafla uso unaweza kuwaka vibaya, kwa hiyo daktari ndiye apange namna ya kuziacha. Mafuta mazito ya nywele huziba matundu ya paji la uso. Isoniazidi ya kifua kikuu, lithiamu, fenitoini na sindano za uzazi wa mpango zenye projestini zinaweza kuchochea chunusi, na hakuna hata moja ya kuacha bila kumwona aliyekuandikia.

Nenda kwa daktari wa ngozi mapema ukiona vivimbe vikubwa vya ndani vinavyouma, makovu yenye mashimo au yaliyotuna, au chunusi zilizogoma baada ya wiki 12 za dawa. Mwanamke mwenye hedhi isiyo na mpangilio na nywele zinazoota kidevuni apimwe homoni. Antibayotiki za kumeza zina nafasi yake, kwa miezi mitatu hivi na pamoja na benzoili peroksaidi ili bakteria wasizizoee. Isotretinoini, retinoidi ya kumeza, huponya hata chunusi kali, lakini huharibu mimba na haitumiki bila usimamizi wa daktari.

Kwako Mhariri, ombi letu ni dogo. Kabla makala au tangazo la kusafisha mwili kwa ajili ya ngozi halijaingia ukurasani, dawati lako limuulize mwandishi au muuzaji mambo matatu: sumu inayotolewa inaitwaje, ilipimwaje kabla na baada, na watu waliofuatiliwa walifuatiliwa kwa wiki ngapi. Zikiwekwa picha za kabla na baada, ziwe na tarehe chini yake, na orodha ya dawa nyingine zote ambazo mtu huyo alikuwa akipaka.

Wasomaji wako,
Wahudumu wa afya ya ngozi